Mashindano ya Twisted Metal: bandua hilo bango kwanza, koti tutaongea baadaye

Mkuu simamisha. Kama bango umelipeleka kuchapa kalichukue, kama ushalibandika libandue usiku huu huu kabla wengi hawajaliona. Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo.

Kwa mliochelewa kuingia, mleta uzi ana kibanda cha gemu Mbagala Rangi Tatu, anataka mkesha wa Krismasi aandae mashindano ya Twisted Metal, ile gemu ya PlayStation ya magari yanayolipuana, yeye mwenyewe akae kwenye kiti kama Calypso, yule mwenye mashindano ndani ya gemu, na nje aning'inize bango "MSHINDI ANAOMBA CHOCHOTE". Anauliza atumie ipi kati ya zile gemu, kiingilio kiwe shilingi ngapi, gari gani azipige marufuku, Calypso anavaaje, na je jamaa ni shetani au ni binadamu. Na nyie wachangiaji toka ukurasa wa kwanza mnamshauri habari za koti na rangi ya kupaka usoni. Koti! Mtu anataka kugawa fremu yake kwa sentensi moja nyie mnajadili koti liwe na mabega au lisiwe na mabega.

Mimi nimefanya kitu hiki hiki. Tandika, sio mbali na sokoni, fremu moja ya mlango wa bati, mkesha huo huo wa Krismasi, mpaka kiti nilikuwa nacho, niliazima kwa jirani muuza fenicha kile kikubwa chenye vitambaa vyekundu wanachokaliaga maharusi. Kwa hiyo mdogo wangu usinisome kama mtu anayekukatisha tamaa, nisome kama mtu aliyekaa kwenye hicho kiti.

Tatizo ni kwamba sisi tuliokulia na hii gemu tunamuonaga Calypso kama mtoa zawadi. Ndivyo alivyoletwa kwetu tangu ile ya kwanza ya 1995, Los Angeles, mkesha wa Krismasi, madereva wanalipuana barabarani, anayebaki mzima anapelekwa kwa jamaa mwenye uso ulioungua anaambiwa haya taja unachotaka. Ukiwa mtoto unaona ukarimu tu. Ukishaimaliza na madereva kadhaa ndio akili inakuja, unagundua yule bwana anachofanya ni kusikiliza maneno. Anasubiri ukosee kuomba, ukikosea anakupa ulichokisema, ulichokitaka anabaki nacho.

Kwenye Twisted Metal 2 ya 1996 kuna babu mmoja mwanajeshi, Captain Rogers, yule wa gari la Warthog. Kachoka uzee, anaomba mwili wa kijana. Anapewa kweli, kifua hiki hapa, mikono hii hapa, na juu yake kichwa kile kile cha babu. Si alisema mwili. Ile ya PS3 ya 2012 ndio balaa zaidi, Dollface mwanamitindo anaomba awe kwenye ranwei kubwa kuliko zote duniani, anajikuta kwenye ranwei ya uwanja wa ndege na ndege inamshukia. Sweet Tooth, klauni wa kichwa cha moto, anaomba apelekwe kwa yule binti pekee aliyewahi kumponyoka, na binti alishakufa, kwa hiyo anapelekwa huko huko aliko, ndani ya jeneza, chini ya udongo, mfuniko umefungwa.

Haya yote nilikuwa nayajua! Nilikuwa nayasimulia kwa wateja kila siku mvua ikinyesha hakuna pa kwenda. Na bado bango nikaandika, kwa sababu kichwani kwangu Calypso ni mimi, mwenye kupindisha ni mimi, mwenye kiti ni mimi. Nani atanipinda ndani ya fremu ninayolipia kodi? Ndio hapo unapokosea na wewe. Calypso ana nguvu za kichawi, anaweza kumtupa mtu uwanja wa ndege. Wewe una TV za chogo na luku ya kuungaunga. Ukitoa ahadi ya Calypso bila nguvu za Calypso, anayepindwa ni wewe.

Sasa nikwambie lilivyoanza. Kibanda changu kilikuwa kinajiendesha vizuri tu kwa mpira, mechi jero, madogo wanabadilishana pedi tangu wakitoka shule mpaka nafunga. Twisted Metal ilikuwa ya wazee wachache wa PS1, nilikuwa na CD yake ya 2 inacheza freshi kwenye PS2. Nikapata wazo la mashindano ili Desemba ichangamke, na zawadi niliyoipanga ilikuwa pedi mbili mpya na mchele kilo kumi. Hiyo ndio ilikuwa akili yangu ya mwanzo na ilikuwa akili nzuri, naomba irekodiwe humu.

Halafu nikaenda kwa jamaa wa mabango.

Simtaji jina, ila kama unapita humu unajijua, wewe wa kofia ya kugeuza nyuma. Namwambia niandikie zawadi pedi na mchele, ananiangalia kama nimemtukana. "Mchele? Broo unafanya Calypso halafu unagawa mchele? Hawatakuja hata madogo." Akaanza kunichorea kwenye skrini pale, moto nyuma, fuvu, herufi nyekundu: MSHINDI ANAOMBA CHOCHOTE, ANAPEWA BILA MASHARTI. Chini akaweka namba yangu ya simu na mfano wa muhuri wa duara, eti ionekane siriasi. Nikamuuliza sasa mtu akiomba nyumba? Akacheka akasema watu wa mtaani wanaogopa kuomba makubwa mbele za watu, ataomba simu ya kitochi au kreti ya soda, utatoa, utaonekana mwamba. Na mimi nikaona kweli jamaa ana akili ya biashara. Akachukua hela yake ya bango, tena ya bango kubwa, maana dogo eti halionekani kutoka barabarani.

Watu walijaa, sikatai. Kiingilio buku, walisimama mpaka kwenye mtaro, mama wa vitumbua wa pale nje alimaliza ndoo akaenda kukoroga nyingine. Mimi kwenye kiti cha maharusi na uso nimejipaka unga na rangi nyekundu ya chakula, ambayo kwa joto la Desemba ilianza kuingia machoni hata raundi ya kwanza haijaisha, fainali nimeisimamia na jicho moja.

Fainali ilichezwa Paris. Walioicheza 2 wanajua Paris ilivyo, unaweza kuulipua Mnara wa Eiffel ukaanguka ukawa njia ya kupandia juu ya mapaa. Upande mmoja dogo mmoja mbishi wa Temeke na Axel, yule jamaa aliyefungwa katikati ya matairi mawili makubwa, umati wote uko naye maana Axel anapendeza kumtazama. Upande wa pili kaka mmoja mpole, fundi simu, ana kidaftari mfuko wa shati, hajaongea neno tangu aingie. Kachagua gari la Spectre. Spectre bodi yake nyepesi, ukiigonga kidogo imekwisha, lakini kombora lake linapita ukutani. Dogo anahangaika na mnara ili aonekane, unaanguka, watu wanashangilia, anapanda juu kwa mbwembwe, fundi yuko nyuma ya jengo huko katulia tuli. Anabonyeza kushoto, kulia, juu, anamgandisha na barafu, halafu makombora yanapenya ukuta moja baada ya lingine. Dogo hakumuona hata alipo.

Mtu anayecheza hivyo ningetakiwa nimuogope pale pale. Mimi nikasimama na jicho langu moja nikasema kwa sauti nzito, "Taja unachotaka."

Kelele nyingi, omba TV, omba mashine, omba fremu! Fundi akasubiri wanyamaze. Akasema, taratibu kama anaagiza chai, "Naomba niwe nacheza bure hapa, mimi na ninayekuja naye."

Umati ukazomea. Wengine wakamwita mshamba. Na mimi, ndugu yangu, niliruka kutoka kwenye kiti. Nilimkumbatia. Bei rahisi hivyo! Nilikuwa nimejiandaa kupoteza TV, mtu anaomba kucheza bure na rafiki yake. Nikampa mkono mbele ya watu wote, mtu akapiga picha, mimi na unga wangu usoni na fundi na bango katikati yetu. Hiyo picha ilikuja kunimaliza.

Usiku nyumbani nahesabu hela za mlangoni na furaha yangu, mke wangu ananiuliza, "Ninayekuja naye ni mmoja au ni yeyote?" Nikamwambia we hujui gemu. Akauliza tena, "Na mpaka lini?" Nikamwambia lala.

Wiki za mwanzo jamaa alikuwa anakuja peke yake jioni, mechi mbili anaaga. Mstaarabu, hata pedi anaifuta kabla ya kurudisha. Halafu akaanza kuja na mdogo wake, sawa. Halafu na rafiki, sawa, ndio makubaliano. Halafu nikaona kila nikigeuka kuna sura mpya kwenye benchi na zote zinasema "nimekuja na fundi". Madogo wangu wa jero wakaanza kupungua, yaani wapo, nawaona wamekaa, pedi wameshika, ila sanduku la hela halijai. Nikajua shemeji yangu niliyemuweka kaunta ananiibia. Niligombana na shemeji wa watu, nikamfukuza, na mpaka leo kwenye misiba ya ukweni tunasalimiana kwa kichwa tu. Hiyo nayo iandikeni kwenye bili ya jamaa wa mabango.

Jumamosi moja nimewahi kuja bila kutarajiwa, nikapitia nyuma kwa mama wa vitumbua. Fundi kakaa kwenye kigoda nje ya mlango wangu, pembeni kopo la maziwa ya unga, kidaftari kiko gotini. Dogo anakuja, anadondosha sarafu ya mia mbili, kling, fundi anaandika, anasimama, anaingia naye ndani hatua mbili, "huyu nimekuja naye", anatoka, anakaa. Dogo mwingine, kling. Kwangu jero, kwake mia mbili. Luku nanunua mimi, kodi nalipa mimi, pedi zikifa nanunua mimi, na yeye ndio anapokea. Nilisimama pale na kitumbua mkononi sina hata nguvu ya kukitafuna.

Nikamvaa. Hakupandisha sauti. Akafungua simu akanionyesha ile picha. "Bila masharti, kaka. Umeandika mwenyewe."

Tukaenda serikali ya mtaa. Mwenyekiti mzee wa watu, gemu hajui, hata Calypso alidhani ni muziki, lakini kusoma anajua. Akavaa miwani, akaisoma picha ya bango polepole, akaniuliza, hili tangazo la nani? La kwangu mzee. Namba hii ya nani? Yangu. Na hii bila masharti ulilazimishwa? Sikulazimishwa. Akavua miwani. Akasema yeye hapo haoni ugomvi, anaona ahadi, sisi tukazungumze kiungwana. Kuna mtu humu ataniambia ningeenda mahakamani. Nenda wewe, ukamwambie hakimu ulijipaka unga ukajiita Calypso.

Mwisho nikamnunua. Ndio, nilimnunua ili aniachie ahadi yangu mwenyewe! Mashine moja, TV moja, pedi mbili na CD zake, tukaandikishana kwa mwenyekiti, akanipa mkono, na ustaarabu wake ule ule. Akaenda kufungua kibanda mtaa wa pili kwa vifaa vyangu, na madogo wote walikuwa tayari kwenye kidaftari chake. Fremu sikufika nayo mwaka. Sasa hivi nauza makava na chaja, na wakati mwingine nikipita kule naingia nacheza mechi moja. Nalipa, bei kamili. Wanaokumbuka Twisted Metal 4 ya 1999, ile ambayo Sweet Tooth anampora Calypso pete na mashindano, mpaka Calypso mwenyewe anaingia kwenye foleni kama dereva wa kawaida, basi mnajua nakaaje kwenye lile benchi.

Na jamaa wa mabango? Nilimfuata. Akaniambia "si ulitaka watu, watu si walikuja?" Halafu nikaja kuambiwa kwamba naye siku zile za fundi alikuwa anakuja kibandani kwangu kucheza, kwa mia mbili. Hela yangu ya bango kaitumia kunilia mimi. Sina la kuongeza hapo, nikiongeza modi watafuta.

Kwa hiyo mkuu hii ndio sheria yangu, na siibadilishi hata kwa koma. Zawadi iwe kitu ambacho mshindi anakibeba kwa mikono yake anatoka nacho mlangoni na hamdaiani tena. Basi. Pedi inabebeka. Mchele unabebeka. Simu, jiko la gesi, kuku, noti taslimu, vyote vinabebeka. "Kucheza bure" haibebeki. "Punguzo" halibebeki. "Chochote" ndio kabisa. Na kiweke mezani tangu asubuhi, kila anayeingia akione kwa macho, akishike akitaka, ili bango lisiwe na kazi ya kuahidi, bango liwe na kazi ya kusema njoo.

Na usiniambie mambo ya "nitaongeza vigezo na masharti kuzingatiwa kwa herufi ndogo chini". Mjumbe hatasoma herufi ndogo, umati hautasoma, watasoma ile kubwa nyekundu, na utakayebishana nao ni umati. Wala usiniambie wateja wako wa Mbagala ni waelewa. Fundi alikuwa muelewa kuliko wote niliowahi kuwapokea, na ndio maana alinila.

Tena ukiangalia vizuri hata kwenye gemu yenyewe sheria yangu inafanya kazi. Ile ya kwanza, ya 1995, Sweet Tooth huyo huyo anashinda na anachoomba ni rafiki yake kipenzi aliyempoteza, na rafiki mwenyewe ni mfuko wa karatasi. Mfuko wa kaki jamani. Anapewa mfuko wake, anaondoka nao, kila mtu na njia yake. Yule kichaa wa kupindukia ndio aliomba kitu kinachobebeka, na ndio huyo huyo miaka mingi baadaye kwenye ya 2012 akaomba kitu kisichobebeka akaishia kwenye jeneza. Fanya hesabu mwenyewe.

Haya na maswali yako mengine, haraka maana nimeandika sana na mteja wa kava ananisubiri. Calypso ni binadamu aliyeungua uso, ila kwenye 2 yule Minion, ambaye yeye ndio jini kweli, anadai nguvu za Calypso ni za wizi, kaibiwa yeye. Vaa unavyotaka, ila unga USIPAKE. Rangi ya chakula pia usipake, inawasha.

Gemu tumia 2. Najua kuna watu wamekushauri Black ya 2001 na mimi naiheshimu sana ile, wale wagonjwa wa hospitali ya vichaa ya Blackfield wana hadithi za kukunyima usingizi, na mule Calypso hapindishi sana, wengi anawapa kile kile walichofuata, kisasi, halafu anawaacha nacho, ambayo ukikaa ukafikiria ni ukatili zaidi. Lakini ni giza mno, kwenye TV ya chogo mchana watazamaji hawaoni kitu, na mashindano bila watazamaji ni nyie wawili mnapigana chumbani. Ya III usiguse, ile ya 1998 ilishapewa timu nyingine na mkono unaona tofauti. Ya 2012 inachezwa wanne skrini moja, safi sana, kama una PS3 na TV kubwa bapa, lakini kama ungekuwa navyo usingekuwa unauliza kiingilio humu.

Gari, piga marufuku zile mbili za siri, Minion na Sweet Tooth, watu wanazitoa kwa kubonyeza namba za siri na hazina haki. Nyingine zote acha. Na mfundishe kila mtu kugandisha kabla hamjaanza, kushoto kulia juu, mbandikie ukutani, la sivyo wawili watatu wanaoijua watawala wengine wote na watakaotolewa watadai kiingilio.

Kiingilio sijui uwezo wa watu wako, kuna kingine uliuliza kuhusu memori kadi nimekisahau na siwezi kurudi juu kutafuta kwa hii simu.

Bango likishaandikwa upya lirushe hapa kabla hujalilipia. Nataka kulisoma neno kwa neno, na nataka kuona picha ya zawadi imekaa mezani. Na kama aliyekuandikia hilo la kwanza anavaa kofia ya kugeuza nyuma, nitumie ujumbe binafsi sasa hivi.